Padri, umewahesabu?

Shule zinapofungwa mwezi Juni, hapa Ifakara mpunga bado uko shambani, ndege wako angani, na mikono ya watoto inatakiwa. Ndiyo maana tangazo la kambi ya skauti likibandikwa kwenye ubao wa kanisa, wazazi wengi hulisoma na kulipita. Mama mmoja aliniambia wazi baada ya Misa: “Baba Paroko, mwanangu analala kibandani kila msimu, anapikia kuni, anachota maji mtoni. Leo nitoe hela akalale tena porini?”

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Kambi ya kwanza ya skauti ilifanyika mwaka 1907 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Robert Baden-Powell, mwanajeshi ambaye kaburi lake liko hapo jirani Nyeri, Kenya, aliwachukua wavulana wapatao 20, baadhi wakitoka katika shule za matajiri na wengine wakiwa watoto wa wafanyakazi, wakakaa pamoja kwa wiki moja. Kwa mtoto wa mjini, kulala nje ni jambo jipya. Lakini mtoto wa Mndamba au Mpogoro aliyekulia juu ya dungu akiamia ndege, hema kwake ni kibanda cha kitambaa tu.

Wapendwa, kabla sijamjibu mama huyu niwaambie kosa langu.

Miaka 20 na kitu iliyopita nilikuwa paroko msaidizi, kijana, mwenye haraka. Nilipeleka skauti 32 kupiga kambi karibu na Mto Kilombero, wakati huo tukivuka kwa kivuko. Daraja hili la mita 384 tunalojivunia lilikuja kufunguliwa mwaka 2018. Mchana ulikuwa mzuri. Watoto walifunga kamba, wakajenga meza ya miti, wakapika wali ulioungua chini na kubaki mbichi juu, wakaula wote. Usiku tuliwasha moto, tukaimba, tukasali. Wenzetu Waislamu walikuwa wameswali magharibi pembeni kwenye mkeka, kwa maana skauti si chama cha Kanisa, na ahadi yake ya kutimiza wajibu kwa Mungu ni ya kila mwenye imani.

Niliwahesabu watoto wakati wa chakula. Wakati wa kulala sikuwahesabu.

Saa saba usiku mmoja wao akaniamsha: mwenzake wa hema hayupo. Anayelijua bonde letu anajua maana ya maneno hayo. Mtoni kuna mamba, na usiku ndipo viboko wanapotoka majini kuja kula majani. Tulitafuta kwa tochi tatu, moja ikiwa na betri zilizochoka. Tuliita jina lake mpaka sauti zikakauka. Nilipiga magoti kwenye tope la ukingo nikimulika nyayo, na sala niliyosali haikuwa na maneno niliyofundishwa seminarini.

Alfajiri alikuja mzee mmoja akisukuma baiskeli, kijana wetu amekaa kwenye kereti. Mtoto alikuwa ameondoka usiku, akapita katikati ya majani marefu kwenda shambani kwao, kwa sababu alimkumbuka baba yake aliyebaki peke yake kufukuza nguruwe wasiingie kwenye mpunga. Nilijiandaa kutukanwa. Yule baba hakunitukana. Aliegemeza baiskeli, akawatazama watoto waliojipanga, akauliza: “Padri, umewahesabu?”

Tangu siku ile sijaweza kusoma sura ya pili ya Injili ya Luka kama zamani. Yusufu na Maria walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yumo msafarani. Hawakuwa wazazi wabaya. Walidhani tu, kama nilivyodhani mimi. Kila mmoja wetu humwacha mtoto mikononi mwa ‘msafara’: mama anadhani yuko kwa mwalimu, mwalimu anadhani yuko kwa padri, padri anadhani amelala.

Yule baba alikaa nasi kutwa nzima. Alituhamisha pale tulipopiga mahema, akatuonyesha kwenye magome ya miti alama za maji ya masika na njia ambayo viboko wamezoea kupita, nasi tulikuwa tumelala juu yake. Nina shahada mbili, lakini sikuwa nimeiona njia hiyo. Mwanawe alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamjua. Kesho yake nilitangaza kanisani kwamba hakuna kambi tena bila wazazi.

Sasa nirudi kwa mama na swali lake. Watu wa Israeli nao walikuwa wakulima kama sisi. Lakini Kitabu cha Walawi, sura ya 23, kinawaagiza kwamba wakishakusanya mazao waondoke nyumbani na kukaa vibandani siku saba, ili vizazi vyao vijue jinsi Mungu alivyowalaza wazee wao vibandani alipowatoa Misri. Kibanda cha mavuno ni cha kazi: humo mzazi humwambia mtoto amka, kimbia, fukuza, chota. Hiki cha pili ni cha kusimuliana. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 16, inataja wa kualikwa: wana na mabinti, watumishi, mgeni, yatima, mjane, na hata Mlawi, yaani sisi tunaopenda kualikwa.

Kwa hiyo tulisogeza kambi hadi siku za mwisho za likizo, mpunga wa wengi ukiwa umeshaingia ndani. Ada ni kilo za mchele kwa anayeweza. Asiyeweza huja na kuni. Mwaka mmoja tulikwenda Mang'ula kwenye Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, tukapanda na mwongozaji hadi maporomoko ya Sanje, maji yanakoanguka mita 170. Akina baba kadhaa waliozaliwa wakiitazama milima ile kila asubuhi walikuwa hawajawahi kuikanyaga. Jioni wazee huwasimulia watoto habari za sheshe, swala wa nyika zetu za majimaji. Bonde hili lilihesabiwa kuwa na sheshe wengi kuliko mahali pengine popote duniani, na leo skauti wengi wanamjua kwa masimulizi tu.

Jambo moja bado linaniudhi. Waswisi walifungua maabara yao hapa Ifakara mwaka 1957, na dunia imejifunza mengi hapa kuhusu malaria na vyandarua. Lakini kila mwaka lazima nimrudishe mtu nyumbani akalete cha mwanawe. Hema si chandarua, jamani.

Mama yule alikuja siku ya pili ya kambi, “kuangalia tu”, akiwa na sufuria kichwani. Alilala siku mbili. Kama nilimjibu sijui. Nilimwona usiku amekaa karibu na moto, mwanawe amemlalia mapajani, kijana wa darasa la saba ambaye mchana asingekubali kuonekana hivyo.

Na yule mzee wa baiskeli? Magoti yanamsumbua sasa, na mwanawe ni baba wa watoto watatu. Mwaka jana alikuja na fimbo yake. Taa zilipozimwa nilimsikia akipita hema kwa hema, akigonga nguzo taratibu, akihesabu kwa sauti ya chini. Alipofika kwangu aligonga pia.

“Hamsini na sita,” alisema. “Na wewe hamsini na saba. Lala, Padri.”