Chai ya saa nne Dar: kaa pale biashara yako inapokaa

Ukisikia mteja wa Dar anakuambia "ukishuka mjini tukutane tule branchi", usijibu "sawa" kabla hujamaliza kusoma hapa. Mimi nilijibu sawa. Asubuhi ile moja ikala faida ya kilo 320 za mchele.

Nauza mchele wa Mabogini mtandaoni. Kwa wasiopajua, Mabogini ni huku bondeni, chini kidogo ya Moshi mjini. Mlima tunauona, ila hatuna baridi yake. Tuna mifereji na mpunga. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilikamilika mwaka 1987 kwa fedha za Japani, na mpaka leo watu wengi huku wanaishi kwa majaruba. Mimi nanunua mpunga kwa wakulima, nakoboa, nafungasha kilo 5, 10 na 25, napiga picha, natupia Instagram na status, mzigo unapanda basi. Wateja wangu wengi wako Dar.

Sasa mwaka juzi mteja mmoja wa Masaki, ananunua vizuri tu, akaniandikia kwamba ana rafiki zake wanataka mchele kila mwezi. Tukutane tule branchi, tuongee. Nikaona hapa nimetoboa. Nikapiga pasi shati, nikapanda basi la usiku.

Tulikaa hotelini, upande wa bahari, upepo mzuri. Mimi ndiye nauza, nikaona aibu aniandalie mteja, nikasema "bili nileteeni mimi". Mayai, mikate ya kuchoma, juisi mbili, kahawa mbili, matunda. Bili ikaja Sh96,000. Faida yangu kwa kilo wakati ule ilikuwa Sh300. Gawanya mwenyewe. Na wiki ile ile nilikuwa na rejesho la kikoba la Sh60,000. Nilirudi nyumbani nikalikopa kwa shemeji yangu, na mpaka leo akiniona nimevaa lile shati anacheka.

Wale rafiki wa mteja walinunua kilo 25. Mara moja.

Niseme ukweli, kosa halikuwa la hoteli. Bei ilikuwa imeandikwa. Wala halikuwa la mteja, yeye alinialika pale anapokula siku zote. Kosa lilikuwa langu: nilienda kula mahali nisipopajua, bila bajeti, na bila kujua naenda kupata nini.

Tangu hapo nimeshuka Dar mara nyingi, na nimejifunza kula saa nne kama mfanyabiashara. Nakugawia.

KWANZA, BRANCHI TUNAYO SIKU ZOTE

Usiogope neno. Mlo wa katikati ya asubuhi na mchana sisi tunauita chai ya saa nne. Huku Moshi ukienda soko la Mbuyuni muda huo utakuta watu wamekaa kwenye mabenchi na bakuli za mtori, hakuna aliyewaambia ni fasheni. Pwani ni vitumbua, maandazi na mbaazi za nazi, chapati na supu. Muda ni ule ule, njaa ni ile ile.

Na kwa sisi wa mikoani muda huo ni muhimu zaidi. Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku mwaka 2023, wengi tunalala barabarani, asubuhi tunashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi. Umekaa kwenye kiti zaidi ya kilomita 500, hujalala vizuri, macho mekundu. Ukiingia sokoni hivyo hivyo utanunua vibaya. Nimewahi kununua mifuko ya kufungashia saizi isiyo sahihi, bando zima, kwa sababu tu nilikuwa na njaa na nataka kumaliza. Kwa hiyo chai ya saa nne usiihesabu kama starehe. Ihesabu kwenye gharama za safari, kama nauli.

SEHEMU NNE, KAZI NNE

Mimi sichagui mahali kwa utamu peke yake. Najiuliza: leo nimekuja kufanya nini?

1. Umekuja kununua mzigo: Kariakoo

Panda mwendokasi la Gerezani, ukishuka hapo Kariakoo uko nayo. Soko kuu lenyewe liliungua Julai 2021, lakini biashara ya Kariakoo iko kwenye mitaa yote ya pembeni, na kila mtaa una mama ntilie wake. Chapati mbili, supu au maharage, chai ya rangi. Ushauri wangu: zunguka kwanza raundi moja bila kununua, uliza bei tu, andika kwenye simu. Halafu kaa ule. Ukiwa unakula, linganisha zile bei. Raundi ya pili ndiyo ya kutoa hela. Kile kibenchi cha mama ntilie ndiyo ofisi yako. Pia waliokaa pembeni yako ni wachuuzi na wabebaji, wanajua duka gani linauza jumla kweli na lipi linakudanganya. Salamu moja tu, "habari za kazi kaka", unaambiwa mengi.

Angalizo: mkoba weka mapajani, usiweke chini. Hela nyingi ziache kwenye simu. Na Jumapili maduka mengi yamefungwa, usije ukala supu ukarudi mikono mitupu.

2. Umekuja kukutana na mtu wa jumla au wakala: Kisutu

Hapa ni katikati ya mji, unatembea tu kutoka Posta. Kuna K-Tea Shop, kinajulikana miaka mingi kwa chai ya maziwa, kebabu na bajia. Watu wa maofisi, wenye maduka, madereva, wote wanakaa meza moja. Nakupendekezea sehemu za aina hii kwa sababu mbili. Bei hazitishi, kwa hiyo yeyote anaweza kulipa bila kuumia. Na hakuna anayekaa hapo masaa matatu. Mnakunywa chai, mnaongea bei, mnaagana. Mtu wa jumla anapenda mtu anayejali muda.

3. Unauza samaki, dagaa, au unataka kuona mnada: Feri

Panda mwendokasi la Kivukoni mpaka mwisho. Soko la Feri nalo lilijengwa kwa msaada wa Japani, kama skimu yetu, kwa hiyo mimi nikifika najiona nyumbani! Ila saa nne umechelewa mnada mzuri, nenda alfajiri, ule baadaye. Wakaangaji wapo, samaki anatoka kwenye mafuta mbele ya macho yako. Kwa kukutana na mteja hapana, kuna kelele na maji chini. Kwa kujifunza bei inavyopanda na kushuka, hakuna darasa kama lile.

4. Mteja ni wa Masaki na lazima mkutane huko: rasi ya Msasani

Sikukatazi. Kuna wateja wa kwenda nao huko, na wengine wanastahili. Slipway, ile sehemu iliyokuwa karakana ya boti, ina migahawa inayoangalia ghuba, na picha za bidhaa zinatoka vizuri sana asubuhi. Coco Beach kule Oysterbay kuna mihogo ya kukaanga na kachumbari, unakula bahari ikiwa mbele kwa bei ya kawaida, ila kunachangamka zaidi jioni na wikiendi.

Ukienda mgahawa wa huko fanya hivi. Migahawa mingi ina kurasa Instagram, omba menyu kabla ya siku. Uliza kama bei ni pamoja na VAT, maana asilimia 18 ya bili siyo ndogo. Kula kitu kidogo kabla ya kwenda, uagize chai tu bila aibu. Na kama mteja ndiye amealika, akisema analipa, mwache alipe. Sema asante, mpelekee kilo moja ya mchele kama zawadi. Hiyo kilo imekugharimu kidogo kuliko juisi moja ya pale, na ataipika nyumbani kwake, familia nzima itaonja.

PALE NILIPOPATA BIASHARA KWELI

Sasa hii ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Safari moja nilikuwa naenda Tandale kuangalia bei za mchele, maana pale ndipo nafaka nyingi zinashuka. Unashukia Manzese, boda mpaka sokoni. Bei siku ile zilinivunja moyo, mchele ulikuwa mwingi na mimi nina mzigo ghalani. Saa nne ikafika. Pembeni kidogo ya soko kuna mama alikuwa anachoma vitumbua, nikakaa.

Aliponisikia naongea akacheka: "Karibu Mangi. Umetoka Moshi leo?"

Nikamwambia nimetoka Mabogini, nauza mchele. Akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mteja yeyote wa mtandaoni.

"Chenga unazo?"

Chenga! Sisi chenga tukishakoboa tunapepeta, tunawauzia wafuga kuku bei ya kutupa, ili mchele mzima upendeze kwenye picha. Nikamuuliza mama unafanyia nini chenga. Akanionyesha ndoo ya unga uliolowekwa.

"Mwanangu, kitumbua ni mchele uliosagwa. Wewe ukinipa punje ndefu nzuri mimi naenda kuisaga tu. Kwa nini nilipie urefu?"

Nilikaa pale mpaka kitumbua kikapoa mkononi. Alikuwa anatumia kilo sita kwa siku. Na wenzake watatu mtaa ule ule wanatumia karibu hivyo hivyo. Wote wananunua rejareja dukani, kwa kilo.

Nilikula vitumbua vinne na chai ya rangi. Sikumbuki hata nililipa shilingi ngapi, ila haikufika hata nauli ya boda. Nikaondoka na namba nne za simu.

Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Gunia la kwanza nililotuma lilikuwa na mchanga. Chenga zinabeba mchanga kuliko mchele mzima, na sisi hatukuwahi kuzichambua kwa sababu kuku hawalalamiki. Mama akanitumia sauti WhatsApp, wala hakufoka: "Mangi, mteja akitafuna mchanga mara moja, kesho anaenda kwa jirani. Na mimi nitaenda kwa jirani yako." Niliisikiliza mara tatu. Nikamrudishia hela yake yote, na gunia nikamwachia awape kuku wake. Siku zile hela hiyo ilikuwa inauma. Nikatafuta kina mama wawili hapa kijijini, wanapepeta na kuchambua kwa malipo. Gunia la pili likakubalika.

Leo kila wiki mbili natuma gunia tatu za chenga, na mara nyingine hazitoshi. Wachoma vitumbua hawaombi picha, hawaulizi "bei ya mwisho?" halafu wakapotea. Wananunua Jumatatu kwa sababu Jumapili zimeisha. Yule mteja wa Masaki bado ninaye, anachukua kilo 10 zake kila mwezi na tunaheshimiana. Lakini rejesho la kikoba linalipwa na vitumbua.

MAMBO YA KUBEBA

- Andika bajeti ya chai ya saa nne kabla hujapanda basi. Igeuze iwe kilo, pea au gauni ngapi za kuuza. Ukiona ni nyingi, badilisha sehemu.
- Kabla hujakubali mwaliko, uliza tunakutana wapi na nani anaandaa. Siyo aibu. Pendekeza sehemu unayoijua: "Dada, vipi tukutane Kisutu, nitakuwa mjini huko?"
- Beba sampuli ndogo. Mimi natembea na vifuko viwili vya nusu kilo, kimoja mchele mzima, kimoja chenga.
- Mwezi wa Ramadhani uliza kwanza, wauza chai wengi hubadili ratiba, asubuhi wanapumzika na jioni ndiyo kazi.
- Ukila kwa mtu, muulize anatumia nini na ananunua wapi. Unauza vifungashio? Muulize muuza maandazi anafungia nini. Unauza viungo, mafuta, vyombo, aproni? Mteja wako yuko nyuma ya ule moto.

Hilo la mwisho ndilo lililonitoa. Nilikuwa nashuka Dar kutafuta watu wa kula mchele wangu kwenye meza nzuri. Kumbe walionihitaji walikuwa wanaupika asubuhi kandokando ya barabara, na mimi nilikuwa nawapita nikikimbilia hotelini.

Wewe ukishuka Dar saa nne unakaa wapi? Taja mtaa, na useme unauza nini. Wa Moshi mkipita Mabogini karibuni, chai ya saa nne ipo, na vitumbua tumejifunza kuvichoma.