Mtaala uko kwenye safu ya maoni

Mzazi wa mtoto wa darasa la saba akilalamikia mtaala, mara nyingi hoja yake ni vitabu na mtihani wa Septemba. Mwalimu akiulalamikia, ana muhtasari wenye mada nyingi kuliko vipindi. Kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, mtaala ni jambo pana zaidi: umahiri ambao mtoto anatakiwa kuujenga, namna ya kumfundisha na namna ya kumpima. Wakikutana kwenye kikao cha shule hupishana, kwa kuwa kila mmoja ana lake.

Mwalimu Nyerere alikwenda mbali kuliko wote hao. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alitaka shule iwe jamii inayofanya kazi, shamba liwe sehemu ya masomo, na elimu ya msingi ijitosheleze badala ya kuwa ngazi tu ya kwenda sekondari. Mtihani nao alitaka upunguziwe uzito. Haukupungua, maana nafasi za sekondari zilikuwa chache na mlango wake ulikuwa mtihani uleule. Katika shule nyingi jembe likageuka adhabu: umechelewa namba ya asubuhi, nenda kalime. Watoto wakaelewa kwamba kilimo ni cha wakosaji. Hakuna muhtasari ulioliandika somo hilo, lakini liliwaingia kuliko mengi ya ubaoni.

Mwaka 2005 mtaala wa sekondari ulielekezwa kwenye kujenga umahiri, wa msingi ukafuata. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, sekondari ikiwa na mkondo wa amali, yaani wa stadi za kazi. Mkondo huo nauunga mkono kwa moyo wote. Ila useremala bila karakana, mbao na randa utabaki kuwa nukuu za kunakili, na mtoto atapata alama kwa kuieleza randa ambayo hajawahi kuishika.

Kwa hiyo kwangu mtaala ni kile anachokipata mtoto darasani, na ushahidi wake upo kwenye azimio la kazi, yaani mpango wa mwalimu wa kufundisha mada zake, safu ya mwisho, ile ya maoni. Hapo mwalimu huandika kama mada imekamilika au imekwama, na kwa sababu gani. Wanaoikagua wengi huangalia tu kama imejazwa. Waandaaji wa mitaala wakusanye maazimio ya mwaka mzima kutoka shule za Kigoma, Lindi na Dar es Salaam, waisome safu hiyo mstari kwa mstari, kabla hawajagusa muhtasari mwingine wowote.