Mzigo wa Mionzi Uliopotelea Mto Mura

Novemba 2007, serikali ya Kongo ilianza kuwasaka watu waliotupa tani zaidi ya 15 za madini yenye mionzi katika Mto Mura, karibu na Likasi. Mzigo huo ulikuwa umeshakamatwa, na amri imeshatolewa kwamba ukazikwe Shinkolobwe, mgodi wa zamani wa urani. Haukufika.

Shinkolobwe ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Rais aliufunga mgodi huo Januari 2004, lakini Julai mwaka huo huo shimo liliporomoka na kuua wachimbaji. Amri ilikuwepo, walinzi wa kuisimamia hawakutosha.

Katika ukanda huu urani huandamana na shaba na kobalti. Novemba 2018, kampuni ya Katanga Mining ilisimamisha mauzo ya kobalti kutoka mgodi wake wa KCC, Kolwezi, baada ya urani kuzidi kiwango kinachokubaliwa bandarini.

Madini hayo ghafi peke yake hayatengenezi bomu, kwa kuwa urani inayofaa kwa kazi hiyo ni takriban asilimia 0.7 tu ya urani ya asili. Madhara yake ni ya taratibu. Urani huzalisha radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayosababisha saratani ya mapafu, na urani yenyewe ikimezwa kwa maji au vumbi huumiza figo.

Urani iliyokwisha kuchakatwa huwavutia wahalifu zaidi. Fimbo mbili za fueli zilitoweka katika kituo cha nyuklia cha Kinshasa miaka ya 1970. Moja ilinaswa Italia mwaka 1998 mikononi mwa mafia. Ya pili haijaonekana hadi leo.

Udhibiti unawezekana. Mutoshi, nje kidogo ya Kolwezi, kampuni ya Chemaf ikishirikiana na Trafigura na shirika la Pact iliendesha mradi wa majaribio kuanzia 2018: eneo la wachimbaji wadogo likazungushiwa uzio, wakawa wanaingia kwa lango lenye ukaguzi, na watoto wakazuiwa.

Malango ya namna hiyo yawekwe vipima mionzi, vivyo hivyo maghala ya wanunuzi na mpaka wa Kasumbalesa. Na kila mzigo unaokamatwa upimwe uzito unapoondoka, usindikizwe, kisha upimwe tena kwenye shimo la kuuzikia. Wakazi wa Likasi na Kolwezi wana haki ya kuonyeshwa vipimo hivyo.