Je, Wajua? Sandwichi ya Kibera Hutoka Jikoni, Si Dukani

Je, wajua kwamba vijana wa Kambi Muru na vijiji vingine vya Kibera, mtaa wa Nairobi, hula sandwichi ambayo mkate wake hupikwa nje, juu ya jiko la makaa? Mkate wenyewe ni chapati. Huzungushwa kwenye smoki, yaani soseji ya moshi, iliyopasuliwa na kutiwa kachumbari, ikawa smocha.

Kazi iko kwenye unga. Ukishaukanda kwa maji ya uvuguvugu, chumvi na mafuta kidogo, uufunike utulie kama nusu saa. Bila hivyo chapati husinyaa kila ukiisukuma. Kisha isukume, ipake mafuta, ikunje kama konokono na uisukume tena. Tabaka hutokea hapo. Wakati wa kuipika, jiko la bati lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hushika joto na kupunguza matumizi ya makaa.

Waganda nao wana roleksi, chapati na mayai, maarufu Wandegeya karibu na Chuo Kikuu cha Makerere. Tamu, sikatai, lakini smocha yenye ndimu na pilipili huishinda.

Ukinunua, itisha chapati iliyotoka motoni sasa hivi. Ya jana hupasuka ikikunjwa.