Amekuletea: Je, Umemuuliza Ametoa Wapi?



Msafiri atokaye Narok kwenda Bomet hupita mashamba ya ngano ya Ololulung'a, kisha huufikia mto Amala, na hapo ndipo ilipo Mulot, mguu mmoja katika kaunti ya Narok na mguu wa pili katika kaunti ya Bomet. Ni mji mdogo wa soko: ng'ombe, mahindi, madebe ya maziwa, na pikipiki za abiria zimejipanga kando ya barabara. Mashamba makubwa ya chai yako mbele zaidi, ukipanda kuelekea Kericho. Sisi tulikuwa tukienda huko Kericho kuhudhuria nikahi, na tukashuka Mulot kumzuru ndugu yetu mmoja aliyesilimu ujanani alipokuwa akifanya kazi Nakuru, ambaye sasa amerudi kwao na huuza maziwa.

Jina la Mulot lajulikana Kenya nzima, wala halijulikani kwa maziwa. Huduma ya M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mkoba wa mnyonge ulihamia ndani ya simu, na mwizi naye akahama. Kwa miaka kadhaa sasa polisi wa upelelezi na magazeti wameutaja mji huu mara kwa mara kwamba ni maskani ya vijana wawapigiao watu simu wakijifanya wafanyakazi wa kampuni ya simu au wa benki. Humlaghai mtu kwa maneno ya heshima mpaka atoe nambari ya kitambulisho na nambari ya siri. Laini yake huhamishiwa kadi nyingine, na akiba yake huondoka kabla hajamaliza kustaajabu. Imefika hadi jina la mji limekuwa mzaha: mtu akipigiwa simu asiyoifahamu, huuliza kama ni Mulot wanaopiga.

Hatusemi kwamba watu wa Mulot ni wezi. Kusema hivyo ni kuusengenya mji mzima, na wengi wao huamka alfajiri kukamua ng'ombe kama walivyofanya babu zao. Wala hatusemi kwamba ulaghai huo hutoka huko peke yake. Hapa kwetu Mombasa wapo vijana waifanyao kazi hiyo hiyo, twawajua, na baadhi yao tuliwasomesha sisi wenyewe Juzuu Amma. Kwa hiyo msomaji asiyasome haya kama habari za watu wa bara.

Mwenyeji wetu alitupokea kwa maziwa na ugali, na tulipokwisha kula akatueleza habari za mwanawe wa pili. Kijana alimaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani bila kazi. Baada ya miezi michache alianza kuleta vitu. Kwanza kilo mbili za nyama. Kisha simu mpya kwa mamake. Kisha pikipiki. Kisha siku moja lori lilisimama mlangoni na kushusha mabati, kwani nyumba ilikuwa ikivuja.

"Sheikh," akatuambia, "mabati yale niliyapigilia misumari kwa mikono yangu. Mama yake aliniuliza, huyu mtoto anafanya kazi gani? Nikamwambia, wewe mwanamke, mshukuru Mungu."

Miezi mitatu baadaye polisi walikuja usiku. Kijana yuko na kesi.

Tumeyataja maneno haya kwa idhini yake, na tumeyatafakari tangu siku hiyo kwa sababu mzee huyu si mzazi mbaya. Watoto wake wote wanajua kusali. Alimchapa mwanawe huyo huyo alipokuwa mdogo kwa kuiba mayai ya jirani, na akamrudisha kwa jirani kuomba radhi. Aliuliza juu ya mayai. Hakuuliza juu ya mabati. Tofauti ni kwamba mayai yalikuwa mikononi mwa mtoto, na mabati yalikuwa juu ya kichwa cha baba.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Hasan bin Ali (R.A.), akiwa mtoto mdogo, aliokota tende katika tende za sadaka akaitia kinywani. Mtume (S.A.W.) alimkemea palepale aiteme, na akamkumbusha kwamba watu wa nyumba yake hawali sadaka. Tuizingatie hadithi hii. Ilikuwa tende moja. Mtoto hakuwa baleghe, hana dhambi ya kuandikiwa. Wala hakupigwa. Lakini aliambiwa iteme, na aliambiwa kwa nini. Babu hakungoja tende ile iwe gunia.

Na iko habari nyingine wanayoisimulia wanavyuoni, ambayo kwa mji wa maziwa kama Mulot haina budi kutajwa. Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa akizunguka Madina usiku akamsikia mama akimhimiza binti yake achanganye maziwa na maji kabla ya kuyapeleka sokoni. Binti akakataa, akasema Khalifa amekataza. Mama akajibu kwamba Khalifa hawaoni. Binti akamkumbusha kwamba Mola wa Khalifa awaona. Umar alimwoza binti huyo kwa mwanawe Asim, na katika kizazi chake akatoka Umar bin Abdulaziz. Sisi husimulia kisa hiki kwa kumsifu binti, nayo ni haki yake. Ila mara chache twasimama kwa yule mama. Yeye naye alikuwa mzazi, na siku ile mtoto ndiye aliyemfundisha mzazi dini yake. Mke wa mwenyeji wetu alikuwa na swali la binti yule, na alinyamazishwa kwa jina la Mungu.

Sasa wako watakaosema: tatizo ni kwamba siku hizi bakora imeondolewa. Twayasikia sana haya barazani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi, na wazee wengi huona hapo ndipo adabu ilipozikwa. Sisi tulilelewa katika chuo ambacho mzazi alimkabidhi mwalimu mtoto amfanye atakavyo, mradi arudishiwe mifupa. Bakora tuliionja, na alama moja tunayo hadi leo kwenye kisigino. Hatuikumbuki kwa huba. Wenzetu wawili waliopigwa zaidi kuliko sote waliacha chuo, na Qur'ani wakaiacha huko huko.

Ama ile hadithi ya kuwaamrisha watoto sala wafikapo miaka saba na kuwaadhibu kwa kuiacha wafikapo kumi, wengi wetu huishika nusu yake ya pili. Hebu tuhesabu. Baina ya saba na kumi pana miaka mitatu, na kila siku ina sala tano: ni zaidi ya mara 5,000 za kumwita mtoto, kumshika mkono, kumwonyesha udhu, kusimama naye. Mzazi aliyezitimiza hizo elfu tano ni nadra ahitaji fimbo. Na ambaye hakuzitimiza, je, ameipata wapi haki ya kuinua mkono? Hata hapo mafakihi waliweka mipaka: si usoni, si kwa kujeruhi, si kwa hasira. Na Anas bin Malik (R.A.), aliyemtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi tangu utotoni, alishuhudia kwamba hakuambiwa hata neno la kuudhika.

Mzee wa Mulot alitukumbusha jambo moja la kwao. Desemba, wavulana wa Wakipsigis huingia jandoni, na huko hukaa faraghani na kufunzwa na wazee maalumu mambo ya utu uzima. Zamani walikaa muda mrefu. Leo kalenda ya shule imeyabana mafunzo yakawa ya wiki chache. "Tunawatoa wakiwa wamepona kidonda," alisema, "lakini hawajaiva." Tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa kuwa vyuo vyetu vya pwani navyo vimekuwa vya saa moja jioni, baina ya masomo ya ziada na televisheni, na mzazi huuliza mtoto amefika juzuu ya ngapi, haulizi amejifunza nini juu ya mali ya mtu.

Yatupasa pia kusema la kufanya pale haramu ikishaingia nyumbani, maana hilo ndilo tuliloulizwa. Toba ya mali ya watu haikamiliki kwa kulia msikitini. Wanavyuoni wameshurutisha haki irudi kwa mwenyewe. Akijulikana, arudishiwe, akiwa amefariki, wapewe warithi wake, asipojulikana kabisa baada ya kutafutwa, mali itolewe kwa masikini kwa niaba yake, si kwa kutaraji thawabu za sadaka. Na mzazi aliyepokea huku akijua, au akiwa na shaka akaifumbia macho, asijifiche nyuma ya mwanawe.

Mwenyeji wetu alikwisha kuuza ng'ombe mmoja. Mwanawe alimtajia mmoja wa waliodhulumiwa, mwanamke auzaye mboga Nakuru, na mzee alimtumia fedha zake kwa simu. Yule mama hakuamini. Alidhani ni mtego mwingine, akakata simu mara mbili. Mara ya tatu mke wa mwenyeji wetu ndiye aliyezungumza naye, mwanamke kwa mwanamke, mpaka akakubali.

"Wamebaki wengine," mzee alituambia. "Na ng'ombe wamebaki watatu."

Kisha akauliza kama sala yao chini ya mabati yale inafaa. Tulimjibu kama tulivyosomeshwa na masheikh wetu wa Kishafii: sala ni sahihi, na deni liko palepale. Alitikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kulijua jibu. Mkewe alitandika mkeka, na mwana wao mdogo, wa miaka minane hivi, akaja mbio kutoka nje, akasimama karibu na baba yake. Tulipofika rakaa ya pili ya alasiri mvua ikaanza, na mabati yakapiga kelele hata takbira zetu hazikusikika. Mtoto akawa anamtazama baba yake kwa pembeni ili ajue wakati wa kurukuu.