Kitenzi ‘Break’ cha Kiingereza na Mgawanyo wa Maana Zake katika Kiswahili

Aghalabu hudhaniwa kwamba ugumu wa kufasiri Kiingereza umo katika maneno marefu ya kitaalamu. Lakini maneno hayo kwa kawaida huwa na maana moja, na wafasiri wakiisha kupatana juu ya istilahi, kazi huwa imekwisha. Ugumu hasa umo katika vitenzi vifupi vya kila siku. Watungaji wa kamusi kubwa ya Oxford, walipokipitia upya kitenzi ‘run’, walikigawa katika maana 645, kama ilivyoelezwa mwaka 2011. Katika makala haya nakusudia kukieleza kitenzi kingine cha jamii hiyo, yaani ‘break’. Nitaonyesha kwamba neno linalotangulia katika kamusi zetu, ‘kuvunja’, lalingana nacho katika sehemu tu ya matumizi yake, na kwamba tofauti hiyo ina uzito hata katika haki ya mtu mahakamani.

1. Asili na visawe vyake

‘Break’ ni neno la asili ya Kiingereza. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa ‘brecan’, nalo ni ndugu wa ‘brechen’ la Kijerumani. Wataalamu wa lugha huliunganisha pia na kitenzi cha Kilatini ‘frangere’, kwa kuwa yote yatoka katika mzizi mmoja wa zamani sana. Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa na Kilatini yaliingia katika Kiingereza, na miongoni mwa yaliyoingia kwa karne zilizofuata ni ‘fracture’ na ‘infringe’, yote mawili uzao wa ‘frangere’. Kwa hiyo Kiingereza kina maneno ya ukoo mmoja yaliyofika kwa njia mbili: lile la nyumbani, litumikalo na kila mtu, na yale ya kigeni, yanayopendwa na waganga na wanasheria.

Mbali na hayo kuna visawe vya kawaida. ‘Smash’ ni kuvunja kwa nguvu na kishindo. ‘Shatter’ ni kuvunja hata vipande vikatawanyika. ‘Snap’ ni kukatika au kuvunjika ghafla kwa mlio. ‘Crack’ ni kutia ufa, pengine bila vipande kuachana. ‘Burst’ ni kupasuka kwa msukumo wa ndani. Msomaji ataona kwamba visawe hivi hutofautiana zaidi kwa namna ya tukio: kishindo, wepesi, wingi wa vipande.

2. Kiswahili hutazama kitu

Kiswahili hufuata njia nyingine. Kabla ya kuchagua kitenzi, msemaji hutazama kwanza kitu chenyewe na umbo lake. Mifano michache yatosha:

Kijiti, mfupa, kikombe na nazi huvunjika.
Uzi, kamba na mnyororo hukatika.
Nguo na karatasi huraruka au huchanika.
Mpira, jipu na puto hupasuka. Gogo nalo hupasuliwa kwa kufuata urefu wake.
Mkate na ugali humegwa.
Korosho hubanjwa.
Ukuta na nyumba hubomoka.
Mashine huharibika.

Katika mifano hii yote, isipokuwa michache, Mwingereza aweza kutumia ‘break’ na kueleweka. Si kwamba lugha moja ni tajiri na nyingine maskini. Kila moja imeweka mipaka yake mahali pake. Asifa Majid na Melissa Bowerman, pamoja na wenzao, walichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa vitenzi vya kukata na kuvunja katika lugha 28. Waliona kwamba lugha nyingi hujali kama mahali pa mwachano paweza kutabiriwa, kama ilivyo mtu akatapo kwa kisu, au hapawezi, kama ilivyo chungu kikianguka. Lakini idadi ya mafungu na mipaka yake hutofautiana. Kamba iliyoshindwa na uzito haikutabirika itaachia wapi, na bado Waswahili twasema imekatika. Kwetu, basi, umbo la kitu laweza kuwa na nguvu kuliko jinsi tukio lilivyotendeka.

3. Umbo la kitenzi na suala la mtenda

Charles Fillmore, katika makala yake ya mwaka 1970 juu ya sarufi ya kupiga na kuvunja, alionyesha kwamba ‘break’ hueleza mabadiliko ya hali ya kitu, ilhali ‘hit’ hueleza mguso tu. Kwa sababu hiyo Mwingereza husema kwa umbo moja kwamba mtoto amevunja kikombe na kwamba kikombe kimevunjika. Kiswahili hubadili kiambishi: ‘vunja’, ‘vunjika’, ‘vunjwa’. Tena, ‘vunjwa’ hudai kuwapo mtenda hata asipotajwa, ‘vunjika’ halidai.

Sasa mtu atoapo ushahidi akasema, “Kamba ilikatika,” hajasema kwamba yupo aliyeikata. Mwandishi akifuata mzizi ‘kata’ na kuandika kwa Kiingereza ‘the rope was cut’, ameingiza kisu na mkono wa mtu ambao shahidi hakuutaja. Tafsiri iliyo sahihi ni ‘broke’. Kwa miaka mingi ushahidi uliotolewa kwa Kiswahili katika mahakama nyingi za Tanzania uliandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo hatari hiyo si ya kubuni.

4. Maana za mafumbo

Katika maana zisizo za vitu, lugha hizi mbili hukutana mahali pengi: kuvunja sheria, kuvunja ahadi, kuvunja moyo. Kwingineko huachana. Mwingereza huvunja saumu. Mswahili huifungua, na chakula cha asubuhi ni kifungua kinywa. Siku ya Mwingereza huvunjika. Yetu hucha au hupambazuka. Vita na moto huzuka, na mfungwa hutoroka. Nasi tuna yetu yasiyofasirika kwa ‘break’: msichana huvunja ungo, watu huvunja jungu Ramadhani ikikaribia, na mchekeshaji huvunja watu mbavu. Ama ‘kuvunja rekodi’, huo ni mfano wa Kiingereza uliokwisha kupata uraia.

5. Neno hili katika sheria

Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, ingawa Kiingereza chaweza kutumika haki ikihitaji. Kazi ya kufasiri imekuwa kubwa, na ‘break’ imo ndani yake. Kifungu cha 293 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, chaeleza kwamba mtu huhesabiwa amevunja jengo hata akifungua mlango au dirisha kwa kusukuma, kuvuta au kuinua; na aliyeingia kwa vitisho au hila huhesabiwa vivyo hivyo.

Tukisema ‘kuvunja nyumba’, msikilizaji wa kawaida huwaza kufuli lililopigwa au ukuta uliotobolewa. Pengine hata ndoa iliyoharibiwa. Mshtakiwa aliyesukuma mlango ulioshindikwa tu, akiulizwa kama alivunja nyumba, aweza kukana kwa moyo safi, na mahakama ikamwona mwongo. Au aweza kukiri asichokifahamu.

Sishauri neno ‘kuvunja’ liondolewe, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka katika mashtaka. Nashauri mambo mawili. Kwanza, mshtakiwa asomewapo shtaka aelezwe tendo lenyewe kwa maneno ya kawaida: kwamba alisukuma, alifungua, aliingia. Pili, kamusi zetu za Kiingereza na Kiswahili ziipange ‘break’ kwa kufuata aina ya kitu kinachotendwa, si kwa kurundika visawe mfululizo. Mwanafunzi na karani watakaokuta ‘kamba’ mbele ya ‘katika’, na ‘mfupa’ mbele ya ‘vunjika’, hawatahitaji kubahatisha.