Mgonjwa Aliyetolewa Kibofu Ajifunze Kujihudumia

"Sista, mkojo huu utafungwa lini?" Hilo ndilo swali la kwanza tunaloulizwa wodini. Jibu letu ni la kweli: hautafungwa. Daktari akishaondoa kibofu kwa sababu ya saratani (na huku kwetu saratani hiyo mara nyingi hutanguliwa na kichocho cha miaka mingi), huchukua kipande cha utumbo mwembamba, kiasi cha sentimeta 15, akakiunganisha na mirija itokayo kwenye figo, na ncha yake akaitokeza tumboni, kulia chini ya kitovu. Tundu hilo halina msuli wa kuzuia. Mkojo hutiririka usiku na mchana ndani ya mfuko uliobandikwa kwenye ngozi.

Mwanzoni mgonjwa hataki hata kulitazama, nasi hatumlazimishi. Anaanza na kioo tu. Baadaye anamwaga mkojo mwenyewe, kisha anakata mfuko kwa mkasi, sisi tumekaa pembeni bila kushika kitu. Hapo ndipo penye kazi ngumu, maana kumfanyia ni rahisi zaidi kuliko kumfundisha. Lakini akifika nyumbani, nani atamfanyia? Tunaomba mke au mume naye awepo siku ya somo.

Mfuko umwagwe kabla haujapita nusu. Ukijaa, uzito huubandua. Kuubadilisha ni asubuhi kabla ya chai, wakati mkojo ni mchache. Osha kwa maji safi, kausha kabisa, usipake mafuta. Tundu la mfuko lizidi la mwili kwa milimeta 2 au 3 tu. Likiwa pana, mkojo huunguza ngozi. Wiki za kwanza tundu la mwili hunywea, kwa hiyo lipimwe upya kila mara. Utandoute mweupe ndani ya mkojo usiwatishe, si usaha. Ni kawaida ya utumbo.

Mzee mmoja aliacha kunywa maji ili mfuko usijae akiwa kanisani. Alirudi kwetu anatetemeka kwa homa, kiuno kinamuuma. Mgonjwa huyu anywe walau lita 2 kwa siku, isipokuwa daktari amemkataza. Na mkiona homa ya namna hiyo, au mkojo umekatika, au tundu limekuwa jeusi badala ya jekundu, mleteni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.